Baba aliugua tetekuwanga utotoni, sasa ana mkanda wa jeshi: je, kinga yake imeisha?

Mama wa Mafinga
Habari zenu wanajukwaa. Baba yangu ana umri wa miaka 68 na alikulia Tukuyu, ambako aliugua tetekuwanga akiwa darasa la pili, na tangu hapo tuliamini kwamba ugonjwa huo hauwezi kumgusa tena. Juzi alitokwa na malengelenge upande mmoja wa mbavu, yanayomchoma kama moto, na kituo cha afya wamesema ni mkanda wa jeshi, unaosababishwa na kirusi kilekile cha tetekuwanga. Nyumbani nina mtoto wa miezi 7, na mdogo wangu ambaye ni mjamzito hajawahi kuugua tetekuwanga. Naomba kujua kinga ya aliyekwisha kuugua hudumu kwa muda gani, kwa sababu mimi mwenyewe niliugua UVIKO-19 mara mbili ndani ya miaka miwili, na sasa sijui niamini lipi.

Muuguzi mstaafu, Njombe
Pole kwa kuuguza, mwanangu. Baba hakuambukizwa upya. Mtu akipona tetekuwanga, kirusi hakitoki mwilini, bali hujificha kwenye mishipa ya fahamu na kulala humo miaka mingi, huku kinga ya mwili ikikizuia kisiamke. Ulinzi huo ukipungua kwa uzee, au kwa maradhi yanayodhoofisha kinga, ndipo kinapoufuata mshipa mmoja hadi kwenye ngozi. Ndiyo maana malengelenge yake yako upande mmoja tu.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni mdogo wako. Majimaji ya malengelenge yanaweza kumwambukiza ambaye hajawahi kuugua, naye atapata tetekuwanga, ambayo kwa mjamzito ni hatari. Asikae karibu na baba mpaka vidonda vyote vikauke, na leo hii aende kliniki awaeleze kwamba amekuwa nyumba moja na mgonjwa. Mtoto naye usimtegemee kwa kinga aliyopata kwako tumboni, kwa kuwa hiyo hupungua katika miezi ya mwanzo ya maisha. Vidonda vifunikwe kwa kitambaa safi, na kama baba hajapewa dawa ya kupambana na virusi, arudi upesi, maana hufaa zaidi ikianzwa ndani ya siku 3 tangu vipele vitokee.

Mwalimu wa baiolojia, Iringa
Shikamoo muuguzi, naomba kuongezea kuhusu muda. Kila kirusi kina hesabu yake. Mwaka 1846 surua iliingia Visiwa vya Faroe na kuwashika takriban watu 6,000 kati ya wakazi 7,782, na daktari Peter Ludwig Panum, aliyetumwa kutoka Denmark, akagundua kwamba wazee waliougua mwaka 1781 hawakuguswa, ingawa miaka 65 ilikuwa imepita na surua haikuwa imefika tena visiwani katika kipindi hicho chote. Surua haibadiliki kiasi cha kuwakwepa askari wa mwili, na baadhi ya seli zinazotengeneza kingamwili, yaani protini zinazopambana na vijidudu, huishi kwenye uboho wa mifupa kwa miongo mingi. Korona na mafua ni kinyume chake: kingamwili zinazolinda pua na koo hupungua mapema, na kirusi chenyewe hubadilisha sura, hivyo mtu huweza kuambukizwa tena baada ya mwaka mmoja au hata mapema zaidi. Hata hivyo kumbukumbu ya kinga inayobaki kwa kawaida hupunguza ukali, na hiyo nayo ni kinga.

Mkulima wa viazi, Uyole
Basi si heri watoto waugue surua wenyewe, ikiwa kinga yake ni ya maisha?

Mwalimu wa baiolojia, Iringa
Hapana, ndugu yangu, nakusihi usifanye hivyo. Surua huua watoto, na tafiti zilizochapishwa mwaka 2019 zilionyesha kwamba huwafutia waliopona sehemu ya kumbukumbu ya kinga dhidi ya magonjwa mengine, jambo ambalo chanjo hailifanyi. Dozi ni mbili, katika miezi 9 na 18.

Mama wa Mafinga
Asanteni sana, na shikamoo muuguzi. Baba alianza dawa jana, ikiwa siku ya pili. Mdogo wangu ametoka kliniki na amehamia kwa shangazi Makambako hadi vidonda vikauke. Mtoto anafikisha miezi 9 mwezi Septemba, nami nimeangalia kadi yake, tarehe ya surua ipo.