Naomba ushauri: printa imegoma baada ya kuweka WPA3

Ndugu wajuzi, habari za jioni.

Ninaishi Ilazo, Dodoma, katika nyumba yenye wapangaji wengine watatu, na kila mmoja wao, kwa huruma yangu au kwa uzembe wangu, alikuwa na nywila ya Wi-Fi yangu. Wiki iliyopita nilifungua ukurasa wa ruta nikakuta vifaa 14 vimeunganishwa, ilhali vya kwangu ni 5 tu. Ndipo nilipobadilisha nywila, nikazima WPS (njia ya kuunganisha kifaa kwa kitufe au PIN bila kuandika nywila) na kuweka WPA3 pekee, yaani kiwango kipya cha usalama wa Wi-Fi, badala ya WPA2 ya zamani.

Simu na kompyuta zilikubali mara moja. Printa ya mke wangu, anayochapishia mitihani ya wanafunzi wake, ndiyo iliyogoma: inaliona jina la mtandao, taa yake ya buluu inapepesa kama dakika moja, kisha inazimika. Nimeirudisha katika mipangilio ya kiwandani na nimehakikisha ruta inarusha mawimbi ya 2.4 GHz, lakini wapi. Nilipoiweka kwenye mtandao wa wageni (mtandao wa pili wa ruta hiyohiyo, uliotengwa na ule mkuu) wenye WPA2 iliunganika papo hapo, ila sasa kompyuta iliyo kwenye mtandao mkuu haiioni kabisa.

Naomba kuuliza: nikiweka hali ya mchanganyiko wa WPA2 na WPA3 kwenye mtandao mkuu, kwa nywila ya herufi 20, nitakuwa nimepunguza usalama kwa kiasi gani? Na kama ni heri printa ibaki kwa wageni, kuna namna ya kuiruhusu kompyuta moja tu kuifikia, bila kuwafungulia wengine mlango?

Natanguliza shukrani.