Mkutano wa watengeneza tovuti Mtwara: tuanze na kanuni za kiolesura au tuanze na watumiaji?

Muuliza swali, Mtwara Mjini

Habari za leo ndugu zangu. Hapa Mtwara tuko kikundi kidogo cha watengeneza tovuti na waandika programu. Wengi wetu tulisoma Dar es Salaam kisha tukarudi nyumbani, na wachache wamepitia VETA. Tunakutana mara moja moja katika ukumbi wa kuazima maeneo ya Shangani, na mpaka sasa mikutano yetu imekuwa ya mtindo mmoja: mgeni anatoa mada kwa projekta, sisi tunasikiliza, tunapiga picha ya pamoja, tunatawanyika. Mada zenyewe huwa nzuri, lakini tovuti zetu zinabaki vilevile.

Safari hii tumekubaliana kuzungumzia urahisi wa matumizi, kwa sababu mwenzetu mmoja anatengeneza tovuti ya chama cha msingi cha wakulima wa korosho. Mkulima anatakiwa aingize namba yake, kisha aone kilo alizofikisha ghalani, daraja la korosho zake, mnada ambao ziliuzwa na kama malipo yametoka. Alipompa mzee mmoja wa kijijini aijaribu, mzee hakuvuka ukurasa wa kwanza. Maneno "Namba ya mkulima" yalikuwa ya rangi ya kijivu ndani ya kisanduku, yakapotea mara tu alipoanza kuandika, naye akawa anauliza kisanduku kinataka nini. Kibodi iliyofunguka ilikuwa ya herufi badala ya tarakimu. Alipomaliza kujaza, kidole gumba kikaangukia "Ghairi", ambacho kimebanana na "Endelea", na yote aliyoandika yakafutika. Akarudisha simu, akasema atakwenda kumuuliza karani.

Naomba ushauri wenu. Mkutano wa namna hii tuupangeje ili watu watoke na kazi iliyofanyika, tumwalike nani, na je, tuanze kwa kujifunza kanuni za usanifu au tuanze moja kwa moja na wakulima?

Mtengeneza tovuti, Lindi

Ndugu yangu, anzeni na wakulima. Habari ya mzee uliyoieleza ina mafunzo mengi kuliko mada ya saa mbili, na imepatikana kwa sababu kuna mtu alikaa pembeni akatazama.

Msiogope kwamba mtahitaji watu wengi. Watafiti wa urahisi wa matumizi, Jakob Nielsen na Thomas Landauer, walionyesha mwaka 1993 kwamba mtumiaji mmoja, kwa wastani wa miradi waliyoichunguza, hugundua karibu asilimia 31 ya matatizo ya kiolesura, yaani kile anachokiona na kukigusa mtumiaji, na kwa hesabu hiyo watumiaji watano hufikia karibu asilimia 85. Ni wastani tu, na unahusu watumiaji wa aina moja. Mkulima na karani wa ghala wanaitumia tovuti hiyohiyo kwa shida tofauti, kwa hiyo kila kundi lijaribiwe peke yake. Pia ni afadhali kuwaita watano, kurekebisha, kisha kuwaita watano wengine, kuliko kuwaita kumi kwa mkupuo.

Siku ya mkutano, kila meza iwe na wakulima wawili, mtu mmoja wa kuongoza na mwingine wa kuandika. Aliyeitengeneza tovuti asiwe mwongozaji, kwa sababu mkono wake utanyooka wenyewe kuonyesha pa kubonyeza. Wakulima wapewe kazi halisi, kwa mfano: "Tafuta kama fedha za mnada wa juma lililopita zimekwishaingia." Baada ya hapo mwongozaji anyamaze. Anayeandika aandike alichokifanya mtu: aligusa wapi, alirudi nyuma mara ngapi, alisimama akisoma nini.

Hapa naomba mnisikilize kwa makini, kwa sababu miongozo mingi imeandikwa na watu wasioyajua mazingira yetu. Ukimuuliza mzee wa Newala au wa Nyangao, "Babu, umeionaje?", atakujibu, "Nzuri, mjukuu wangu, Mungu awabariki." Hatakuvunja moyo mbele za watu. Jibu hilo ni la adabu, na mwenye kulichukua kama matokeo ya utafiti anajidanganya. Vilevile ile njia ya kumtaka mtu afikiri kwa sauti huku akitumia simu inawapa wazee wetu tabu, kwa kuwa mtu mzima haongei peke yake mbele ya wageni. Waketisheni wawili wawili, mzee na jirani yake, na simu moja. Wataelekezana wao kwa wao, watabishana kidogo, na katika mabishano hayo mtasikia kila mnachokitafuta. Mwanzoni kabisa waambieni kwamba inayopimwa ni tovuti, na kwamba wakikwama, kosa ni la tovuti. Msisahau nauli na chakula. Watu wameacha mashamba yao.

Kuhusu yale matatu yaliyomkwamisha mzee, hayo rekebisheni leo. Jina la kisanduku likae juu yake na lisipotee. Kisanduku cha namba kiagizwe kufungua kibodi ya tarakimu, jambo la sifa moja tu katika HTML, lugha ya kuandikia kurasa za tovuti. "Ghairi" ikae mbali na "Endelea", au iondolewe kabisa, maana sioni mkulima anaihitaji kwa kazi gani. WCAG 2.2 ya Oktoba 2023, mwongozo wa kimataifa wa kufanya tovuti zitumiwe na watu wote wakiwemo wenye ulemavu, inataka kitufe kisipungue pikseli 24 kwa 24, nao Google wanashauri 48, kiasi cha milimita 9 kwenye kioo cha simu. Kwa vidole vilivyozoea jembe, fuateni hicho kikubwa.

Mwalimu wa TEHAMA, Masasi

Nakubaliana na kaka wa Lindi kwa sehemu kubwa, ila sikubali kwamba kanuni zisubiri. Kumtoa mkulima Nanyamba mpaka Mtwara Mjini ili akuonyeshe kwamba maandishi ya kijivu hayasomeki ni kuupoteza muda wake, maana tatizo hilo mngeliona wenyewe. Mkutano wa kwanza uwe wenu peke yenu. Chukueni kanuni kumi ambazo Nielsen alizipanga mwaka 1994, kutokana na kazi aliyoianza na Rolf Molich mwaka 1990, na watu watatu hadi watano waikague tovuti kila mmoja kivyake bila kuangaliziana, kisha muunganishe orodha zenu. Kukagua kwa pamoja tangu mwanzo hakufai, kwa sababu mwenye sauti kubwa huwavuta wengine. Mkisharekebisha yanayoonekana, ndipo muwaite wakulima wawaonyeshe yale ambayo nyinyi, kwa kuwa mmezoea kompyuta, hamwezi kuyaona.

Jambo la pili ni vifaa. Msijaribu kwa kompyuta mpakato iliyounganishwa na mtandao wa ofisi. Kila mtu aje na simu yake, yenye kioo kilichopasuka na bando la kawaida, na ikiwezekana mtoke nje ya ukumbi, juani. Rangi zinazopendeza ndani ya ukumbi zinafifia nje. Kipimo cha chini cha utofauti kati ya maandishi ya kawaida na mandhari yake ni 4.5 kwa 1, na kuna zana za bure za kukipima. Ukurasa ukichukua zaidi ya sekunde kumi kufunguka, mtu ameshaliacha jambo lenyewe. Tovuti nyingi za vyama nilizoziona zinaanza na picha kubwa ya viongozi na historia ya chama, mambo yanayokula bando la mkulima kabla hajafikia fedha zake.

Tena wapo wengi wenye simu za vitufe tu. Menyu ya USSD, ile ya kupiga namba yenye nyota na reli kisha kuchagua kwa tarakimu, nayo ni kiolesura, tena kigumu, kwa sababu ujumbe mmoja una nafasi ya herufi 182 tu na mtu akichelewa kujibu anakatwa. Hiyo mnaweza kuijaribu kwa karatasi kabla ya kuandika msimbo hata mstari mmoja: mmoja anashika vikaratasi vya menyu, mkulima anataja namba anayoichagua, anapewa kikaratasi kinachofuata.

Muuliza swali, Mtwara Mjini

Shukrani nyingi, Mwalimu, na wewe kaka wa Lindi. Hilo la kuwaketisha wawili wawili hatukuwa tumelifikiria kabisa. Nimebakiwa na maswali mawili. Tukutane mwezi gani, na tutumie taarifa halisi za wakulima au za kubuni?

Karani wa chama cha msingi, Tandahimba

Wadogo zangu, mimi si mtaalamu wa tovuti, lakini hao wanaoshindwa kuzitumia huja dirishani kwangu, kwa hiyo naomba niseme.

Taarifa ziwe za kubuni. Malipo ya mtu ni siri yake na ya nyumba yake, na akikaa na jirani kwenye simu moja kama mlivyoshauriwa, jirani asijue ameuza kilo ngapi. Isitoshe, tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Lakini mfano ufanane na ukweli: magunia ya kawaida, bei ya kawaida, na makato yote yaonekane kwa majina yake. Hapo ndipo penye kelele. Mkulima anataka kwanza kiasi kitakachomfikia mkononi, halafu ndiyo aelezwe kilichokatwa na kwa nini. Kiasi hicho kikae juu kabisa, kwa tarakimu kubwa. Tarehe na saa za mnada pia ziandikwe kama tunavyosema, saa 8:00 mchana, maana "14:00" imeshaleta watu ofisini wakiuliza.

Kuhusu mwezi, msithubutu kuita watu baada ya minada kuanza, na kwa kawaida huanza Oktoba. Wakati huo hata mimi hamtanipata. Agosti inafaa: anayepulizia dawa huifanya kazi hiyo asubuhi mapema kabla ya upepo, kwa hiyo mchana ana nafasi, nanyi mtabaki na muda wa kurekebisha kabla ya msimu. Na badala ya kuwaita wakulima Shangani, njooni nyinyi huku. Ghala letu linakuwa tupu mwezi huo, mabenchi yapo, na mgeni wenu wa Dar es Salaam akija, akae nyuma atazame pamoja nanyi, mada yake aitoe jioni.