Wakuu, kula mtaani Dar: mnajuaje kibanda kizuri kabla hujakaa?

Mpenda Msosi wa Kijito

Habarini wakuu. Naomba mawazo maana najua humu kuna watu wameshakula mji huu kona zote. Mi mkazi wa Kijitonyama, kazini Posta, na starehe yangu kubwa ni kula, sio kula sana, kula vizuri. Miaka yote nimekuwa mtu wa zile sehemu za Masaki na Mikocheni zenye mwanga hafifu na menyu nzito kama daftari la shule, unaagiza sahani ya elfu thelathini inakuja na majani matatu na mchuzi umechorwa pembeni, unapiga picha, unarudi nyumbani unakaanga yai. Mwisho wa mwezi hela imeisha na ukiniuliza nilikula nini sina jibu.

Sasa nimeamua jumamosi na zile siku natoka kazini mapema niwe nazunguka uswahilini, mama ntilie, vibanda, hoteli za meza za plastiki, kila nikipata nafasi mtaa mwingine. Tatizo hizi sehemu ukizitafuta kwenye simu hazipo, na zilizopo ni za wale watu wa Instagram ambao kila wanachoonja ni "hatari". Mnajuaje huyu anapika na yule anaungaunga tu? Mgeni wa mtaa anakaa tu anaagiza au kuna utaratibu? Na tumbo langu mnalionaje maana limezoea maji ya chupa. Usafiri ni mwendokasi na miguu, bajeti buku tano mpaka msimbazi mmoja (elfu kumi), kitimoto sili, vingine vyote twende kazi.

Mzee wa Supu

Mkuu karibu duniani. Swali lako la kibanda kizuri ndo linawapoteza watu wengi kutoka huko Masaki. Huku unatafuta chakula fulani, saa fulani, kwa mtu fulani. Yule mama anayekuungia maharage ya nazi mpaka unasahau simu mezani, mwambie akukaangie chipsi uone atakavyokuharibia siku. Na kijana wa chipsi ukimuuliza wali atakuonea huruma.

Anza na saa. Asubuhi ni supu, iwe ya mbuzi, kongoro au utumbo, na chapati mbili, ndimu, pilipili ya kukata mwenyewe. Supu inaliwa kabla ya saa nne, baada ya hapo sufuria inaongezwa maji na chumvi na wewe unalipa bei ileile. Ukiona saa tano bado imejaa jiulize kwanini wenzako hawajaimaliza. Mchana ni wali na ugali, fika saa sita na nusu, usifike saa nane ukakuta samaki wamebaki vichwa na mchicha umeshakuwa mweusi. Ijumaa ni pilau na biriani, yaani ijumaa mchana kula ugali Kariakoo ni kujidhulumu, subiri watu watoke msikitini ukae nao foleni. Jioni ndo moto unawashwa barabarani, mishkaki, chipsi, mihogo, urojo, pweza.

Wewe uko Posta, una bahati na hujui. Tembea mpaka Kisutu, mitaa ile ya Jamhuri, Zanaki na Libya, kuna vyakula vya Wahindi wa Dar ambavyo Mhindi wa India mwenyewe hakutani navyo kwao, kababu, katlesi, bhajia na chatne ya nazi, chai ya maziwa iliyochemka vizuri. K Tea Shop wengi wanaijua. Usiku nenda Mamboz kona ya Libya na Morogoro Road ukale kuku wa mkaa, pale sio siri tena, wazungu kibao, ila moto bado ni moto. Ukimaliza hapo ndo uhamie Kariakoo, halafu Magomeni, halafu Temeke. Usianzie Tandika siku ya kwanza utarudi Masaki unalia.

Dogo Manzese

Msimbazi mmoja kwa mlo??? Mkuu hiyo hela tunakula wawili, tunakunywa na juisi ya miwa halafu chenji unanipa nauli. Nipo Manzese hapa niambie saa ngapi.

Binti Nazi

Naomba niongee kama mtoto wa mama ntilie maana nimekulia chini ya meza ya bi mkubwa, Ilala huko.

Kwanza hilo la chakula kuisha. Watu wanalalamika "mama huyu saa nane tu chakula kimeisha", ndugu yangu hiyo ndo sifa. Mama yangu alikuwa hana friji kibandani, alichopika asubuhi lazima kiishe siku hiyo, kikibaki tunakula sisi watoto na hasara ni yake. Kwa hiyo alikuwa anapima mchele kwa kuangalia tu, leo mafundi wapo kwenye lile jengo, ongeza kilo mbili, leo mvua, punguza. Anayebakiza chakula kila siku ama hajui wateja wake ama wateja wameshamjua yeye.

Pili usitegemee bei ipande sana, angalia sahani. Mchele ukipanda, nyanya zikipanda msimu wa mvua, mama hapandishi bei haraka maana mteja wake ana hela ileile, anapunguza kijiko. Wali unakuwa mdogo, nyama inakatwa ndogo. Ukiona mahali bei ya kawaida na sahani bado ina kilima, na wali unanukia mchele wa Kyela kweli na sio ule wa kuchanganya, hapo kaa usihame.

Utaratibu: salamu kwanza. Mama mtu mzima mpe shikamoo yake, usije tu "oya wali nyama". Unanawa, unakaa, unaagiza, unakula ndo unalipa, siku hizi wengi wana lipa namba, unalipa kwa simu. Ukitaka wali na ugali kidogo au nyama na maharage sema "nichanganyie". Mchuzi wa kuongeza unaomba bure, mchicha nao, na kipande cha tikiti au ndizi kinakuja na sahani, usikiulizie bei utachekwa. Kitu kimoja tu usifanye, kubargeni. Buku mbili ya mama ina moshi wa tangu saa kumi alfajiri ndani yake.

Af hizi sehemu zinahama, ndo maana huzikuti kwenye ramani. Mnakumbuka 2018 mwishoni Magufuli alileta vitambulisho vya wajasiriamali wadogo vya elfu ishirini, mama zetu wakapumua kidogo kufukuzwa na migambo. Halafu Oktoba 2021 likaja zoezi la kuwatoa wamachinga barabarani Dar, vibanda vikabomolewa, mama wa miaka yote pale kona ukienda humkuti. Wengine wako nyuma ya jengo lilelile, wengine wamehamia masoko ya mbali. Mlinzi wa jengo anajua alipo, muulize yeye.

Mzee wa Supu

Binti Nazi umemaliza. Hiyo ya mlinzi ni dhahabu, naongezea mafundi gereji na madereva wa daladala, hawa wanakula mtaani kila siku kwa hela yao, hawawezi kukudanganya.

Afya Kwanza

Mnamshauri mwenzenu vizuri ila tumbo mmelipita kama hamjaliona. 2015 kipindupindu kilianza Kinondoni hapo hapo anapoishi mkuu, mpaka vyakula vya barabarani vikapigwa marufuku. Mi sio mtu wa kuogopa, nakula mtaani karibu kila siku, ila nina macho.

Usiangalie sufuria, angalia beseni la vyombo. Kama sahani zinaoshwa kwenye beseni moja la maji ya kijivu na kusuuzwa kwenye lingine la kijivu zaidi, salimia mama vizuri uondoke. Angalia ndoo ya koki na sabuni, hizi zilijaa kipindi cha korona 2020, waliozibakiza mpaka leo ni watu makini. Chakula kinachofuka moshi kula bila wasiwasi. Kinachoumiza watu mara nyingi ni vya baridi, kachumbari iliyokatwa asubuhi ikakaa juani, juisi yenye barafu ambayo hujui maji yake yametoka wapi, tikiti lililofunuliwa nzi wanafanya mkutano. Kwenye chipsi angalia mafuta, yakiwa meusi na moshi unawasha macho hayo yameona mengi. Kachumbari omba akukatie mpya, wengi hawakatai.

Mpenda Msosi wa Kijito

Aisee nyie watu, nasoma huku niko ofisini nimeacha kazi. Sasa mbona hakuna aliyegusa vyakula vya mikoani? Mi kwetu Moshi, mtori wa Dar kila nikinywa naona uji wa ndizi tu.

Kibosho Original

Hahaha Mchaga umejitaja mwenyewe. Mtori lazima iwe mshare, ndizi zile zinazosagika, na mfupa wa nyama uchemke mpaka mchuzi uwe mzito wenyewe. Wa Dar wengi wanatumia ndizi yoyote iliyopo sokoni na wanakimbilia karoti na royco, mama aliyejifungua kwetu angepewa huo nadhani angerudi kwao. Ila upo wa kweli, zunguka Sinza na Ubungo baa za wenyeji wetu, nenda jumapili asubuhi, muulize mhudumu "mpishi mtu wa wapi?" kabla ya kuagiza. Hilo swali linafanya kazi kila mahali mkuu. Mpishi wa Kigoma muombe mgebuka na ugali, Mhaya muombe ndizi za kwao, Mpare makande, Mgogo mlenda, wa Mwanza sato. Mpishi hata kama kibandani anauza chipsi, akijua unakijua chakula cha kwao atakwambia siku anayokipika.

Binti Nazi

Hapo kwenye mlenda na dona nimesikia njaa ghafla. Na mmesahau Tanga na Unguja, urojo wa Dar mwingi ni maji ya ngano na rangi ya manjano, tafuta wa mtu wa kisiwani, embe mbichi iwepo, bhajia zisiwe ngumu, na zile krispi za muhogo ziwekwe mwisho zisilowe.

Dogo Manzese

Na pweza jamani. Kile kikombe cha supu jioni kona za mitaa. Tunajua kwanini wazee mnakipenda, msijifanye ni afya ya moyo.

Mzee wa Supu

Dogo nenda kalale.

Mkuu kwa samaki panda mwendokasi mpaka Kivukoni, mwisho wa gari, soko la Feri ni hapo hapo hatua chache. Nenda asubuhi, mnada unaanza mapema boti zikiingia. Kama hujui kununua mnadani usijitie, utapigwa bei. Nunua kwa wachuuzi pembeni, kibua au changu, angalia jicho liwe angavu na mashavu mekundu ndani, kisha peleka kwa wakaangaji, kuna upande wao na majiko makubwa, unawalipa kazi ya kukaanga tu. Kaa hapo hapo na ndimu na ugali. Vaa viatu vya kufunga, chini kumelowa.

Mpenda Msosi wa Kijito

Basi jumamosi hii Feri asubuhi, Kisutu jioni. Dogo Manzese wewe wiki inayofuata, nakuja na huo msimbazi. Swali la mwisho, Ramadhani ikifika inakuwaje? Maana naona mwezi ukiingia vibanda vingi vya mchana vinafunga.

Binti Nazi

Vinafunga ndio, mama wengi wanageuza ratiba, mchana wanapumzika na saa tisa wanaanza kupika futari. Usikae na njaa unalalamika, hata kama hufungi, huo ndo mwezi wa kula mtaani kuliko yote. Mihogo ya nazi, magimbi, viazi vitamu, tambi za sukari, maharage ya nazi mazito, uji wa pilipili manga, vyote viko nje barabarani kwenye mabeseni na hotpoti, Magomeni, Ilala, Kariakoo, Temeke huko ndo usiseme. Nenda na vyombo vyako mwenyewe, mifuko inaharibu mchuzi. Na usile hapo barabarani kabla ya adhana, sio sheria, ni ustaarabu tu, watu wamefunga tangu alfajiri. Kaimati usinunue za saa kumi, zinakuwa zimeshapoa na shira imeganda, subiri karibu na magharibi ndo anatoa za moto.