Tanzania si mwanachama: je, tunastahili kulipwa fedha za utafiti za Umoja wa Ulaya?

Mtama_na_Uwele (Dodoma)

Ndugu wanajamvi, nafundisha chuoni hapa Dodoma, na kwa miaka kadhaa nimefuatilia mbegu za mtama zinazostahimili ukame katika vijiji vya Bahi na Chamwino. Chuo kimoja cha Uholanzi kimetualika katika andiko la kuomba fedha za Horizon Europe, mpango wa utafiti wa Umoja wa Ulaya wa 2021 hadi 2027. Katika rasimu tumeandikwa kuwa washirika tusiopokea fedha, kwa maelezo kwamba Tanzania si mwanachama wala haina mkataba wa kujiunga na mpango huo. Mkuu wangu anashauri tukubali ili tusipoteze nafasi, lakini mimi najiuliza nani atalipia mafuta ya gari na posho za wakusanya takwimu kwa miaka minne. Je, ni kweli kanuni zinatuzuia?

Mwana_wa_Nyika

Mwalimu, hazikuzuii, na nakusihi usiridhie rasimu hiyo kabla haijarekebishwa. Zipo nchi zisizo wanachama ambazo zimetia saini mkataba na kuchangia bajeti ya mpango, na watafiti wake huomba karibu kwa masharti yale yale ya wanachama: Norway na Tunisia zimo, Uingereza ilirejea kwa njia hiyo Januari 2024, na New Zealand imejiunga na sehemu moja tu. Sisi hatumo katika kundi hilo. Hata hivyo, nchi nyingi za kipato cha chini na cha kati, Tanzania ikiwemo, zimo katika orodha ya zinazostahili kulipwa bila mkataba wala mchango wowote. Wanaotarajiwa kwa kawaida kuja na fedha zao ni watafiti wa nchi kama Marekani, na hata Brazil na India.

Kinachotubana ni kingine. Ombi la mradi wa pamoja huhitaji taasisi tatu zinazojitegemea kutoka nchi tatu tofauti, ziwe za wanachama au zenye mkataba, na angalau moja iwe ya nchi mwanachama; sisi huongezwa juu ya hizo tatu, hatuhesabiwi miongoni mwake. Waandikieni Waholanzi kwamba mnataka kuwa wanufaika wanaotia saini mkataba wa ruzuku, wenye bajeti yao na sehemu yao ya kazi. Mkibaki washirika wasiopokea fedha, mtafanya kazi yote ya shambani na hamtaweza kudai gharama hata moja, na hilo naliona ni kuwaonea ninyi pamoja na wakulima wanaowapa mashamba ya majaribio.

Mhasibu_wa_Miradi

Naunga mkono, ila bajeti iandaliwe kwa uangalifu. Juu ya gharama za moja kwa moja huongezwa asilimia 25 kwa ajili ya gharama za uendeshaji, yaani umeme, ofisi na utawala. Nimeona vyuo vikiisahau kabisa. Ripoti huandikwa kwa yuro, na hasara itokanayo na mabadiliko ya thamani ya shilingi hairejeshwi, kwa hiyo msikadirie kwa kubana mno. Kila mtumishi aweke kumbukumbu ya siku alizofanyia mradi kuanzia mwezi wa kwanza, kwa sababu mkaguzi hatakubali karatasi zilizojazwa mwaka wa tatu.

Kisima_cha_Makutupora

Niongeze moja: wageni watakaokuja kufanya utafiti nchini wanahitaji kibali cha COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia ya Tanzania, na muda wa kukipata uingizwe katika ratiba ya mradi, la sivyo msimu wa mvua utapita kabla hawajafika shambani. Hapa kwetu msimu ni mmoja tu kwa mwaka.

Mtama_na_Uwele (Dodoma)

Nawashukuru sana. Nimemwandikia mratibu leo asubuhi nikiomba tuwe wanufaika na majaribio ya shambani yawe chini yetu. Dada Mhasibu, je, mshahara wa mwalimu aliyekwisha kuajiriwa na chuo unaweza kudaiwa?

Mhasibu_wa_Miradi

Ndiyo, Mwalimu, kwa siku zile tu alizoufanyia kazi mradi, na kwa mshahara wake halisi unaoonekana katika vitabu vya chuo.