Wanga mbichi wa mahindi: sukari inashuka saa ya tatu, niongeze dozi?

MamaTunu
Habari za humu wajuzi. Mtoto ana miaka 4, kilo 16, ugonjwa wa hifadhi ya glikojeni aina ya 1a (ini haliwezi kuitoa sukari yake ya akiba, yaani glikojeni, iingie kwenye damu). Usiku anapewa wanga wa mahindi kila baada ya saa 4: vijiko 3 vya chakula kwenye maziwa ya uvuguvugu, maana ukiwa baridi anakataa. Ikifika saa ya tatu baada ya dozi kipimo cha sukari kinasoma 3.2 mmol/L na mtoto kalowa jasho. Niongeze kijiko cha nne, au nimtilie asali kidogo?

Mlishi
Usiongeze kwanza, dada. Anza na huo uvuguvugu. Chembe ya wanga mbichi humeng'enywa taratibu kwa kuwa haijafunguka. Ikipata joto inafyonza maji na kuvimba, amilesi (kimeng'enya kinachovunja wanga) inaimaliza mapema. Sukari inapaa, insulini inamwagika, kisha sukari inaporomoka kabla ya saa yake. Kijiko cha nne kitapandisha kilele tu, na ini litazidi kujaa glikojeni.

Hesabu: gramu 1.6 kwa kila kilo, mara 16, ni kama gramu 26. Koroga kwenye mililita 52 hivi za maji baridi, anywe papo hapo. Wanga hutuama upesi, kwa hiyo suuza kikombe kwa maji kidogo, naye anywe hayo pia. Limau usitie, asidi huharibu wanga.

Maziwa ya ng'ombe yana laktosi, nayo inatoa galaktosi ambayo mwili wake hauwezi kuigeuza kuwa glukosi ya kuingia kwenye damu. Tumia ya soya yasiyo na sukari, yakiwa baridi. Muulize daktari kuhusu kalsiamu na vitamini D, maana maziwa na matunda yakipungua hivyo navyo hupungua.

Kibaba
Vijiko weka kando. Kijiko bapa ni gramu 8 hivi; cha kilima hakina hesabu, na anayepima saa nane usiku hapimi kama wa mchana. Nunua mizani ya kusoma gramu 1, pima dozi za usiku mapema zikiwa kavu, kila moja kwenye kichupa chake. Maji yatiwe wakati wa kunywa.

Hakikisha pia ni wanga mtupu: mweupe, laini, ukiubinya vidoleni unakwaruza kwa kelele. Unga wa mahindi ya kusaga si huo. Ukibadili chapa, pima sukari upya.

Asali hapana. Karibu nusu ya sukari yake ni fruktosi, na kwa aina ya 1a fruktosi huishia kupandisha lakteti (asidi inayojikusanya kwenye damu), mafuta ya damu na asidi ya yuriki.

MamaTunu
Ahsanteni. Na akishuka ghafla? Kuna aliyenitajia sindano ya glukagoni.

Mlishi
Haitamsaidia. Glukagoni huliamuru ini livunje glikojeni, lakini kimeng'enya cha hatua ya mwisho, glukosi-6-fosfatasi, ndicho kinachokosekana. Atapata lakteti, sukari ibaki chini.

Akiwa macho na anameza: glukosi tupu kwenye maji, kwa kiasi kilichoandikwa kwenye barua yake ya dharura, halafu wanga. Glukosi peke yake itamshusha tena. Akiwa hajitambui usimmiminie kitu mdomoni. Hospitali mara moja, dripu ya glukosi ya asilimia 10. Akitapika dozi na ya pili haikai, nenda vilevile, usingoje saa ya dozi ijayo.

Saa4
Nyongeza kwa wasomaji wengine: haya ni ya aina ya 1. Aina ya 3 hutegemea zaidi protini, na matunda na maziwa hayakatazwi kwa sababu hii, kwa hiyo msinakili.

MamaTunu, ukishabadilisha, pima kabla ya dozi kisha kila saa hadi ya nne, ukilenga isishuke chini ya 3.9 mmol/L. Mnawishe kwanza, kidole chenye glukosi hudanganya kipimo. Ikiwa bado inashuka saa ya tatu kwa wanga baridi uliopimwa, mpelekee daktari namba hizo. Huenda akafupisha nafasi iwe saa 3 badala ya kuongeza gramu.