Mkristo na kufurahia maisha: raha na imani vinakaaje kwako? Tupeane uzoefu

Mleta mada

Bwana asifiwe wapendwa. Mada ya Mkristo na starehe tumeijadili mara nyingi, na kila mara ni ileile: acheze muziki au asicheze, aende kwenye sherehe au abaki nyumbani. Tunarushiana mistari, kila mtu na wake, na hakuna anayesema yaliyomkuta. Safari hii mtu aeleze maisha yake. Ulilelewaje kuhusu raha? Kilibadilika nini? Mpaka wako uko wapi?

Naanza mimi. Nimekulia kwenye nyumba ya walokole ambamo kicheko kilikuwa na saa yake. Baba hakuwa mkali, aliamini tu kwamba mtu akicheka sana amesahau anakokwenda. Nilipoanza kusoma Biblia kwa utulivu wangu nikakutana na Kumbukumbu la Torati 14, habari za fungu la kumi. Safari ikiwa ndefu, Mwisraeli aliruhusiwa kuuza mazao yake, akafika mahali alipopachagua Bwana na fedha mkononi, akanunua chochote roho yake ilichotamani, divai ikiwemo, akala mbele za Bwana na kufurahi yeye na nyumba yake. Mahubiri ya fungu la kumi nimesikia mengi. Hilo sikuwahi kulisikia. Nikampelekea baba. Akasoma, akavua miwani, akaniuliza: "Na mstari unaofuata umeusoma?" Unaofuata unasema Mlawi, yule mhudumu wa ibada, asiachwe, kwa kuwa hana fungu wala urithi. Mjadala wetu haujaisha mpaka leo, lakini nadhani mzee alikuwa ameshika sehemu kubwa ya jibu.

Karibuni.

Sauti ya Pili

Asante mleta mada. Mimi ni mwanakwaya tangu utotoni. Kwetu tuliruhusiwa kuyumba, si kucheza, na tofauti aliijua mwalimu wa kwaya peke yake. Nadhani kisigino kikiachana na sakafu ilishakuwa dhambi.

Mama alikuwa mzee wa kanisa na ndiye msimamizi wa visigino vyetu. Basi dada yangu akaja kuolewa akiwa mtu mzima, watu wakiwa wameshakata tamaa naye. Muziki ukaanza, mama akainuka, akacheza mpaka kitambaa cha kichwa kikafunguka. Aliporudi kukaa nikamtania: mama, kisigino! Akasema, "Huyu nimemwombea miaka yote hii nimepiga magoti. Leo nimshukuru Mungu nimekaa?"

Tangu siku hiyo 2 Samweli 6 naisoma tofauti. Tunamkumbuka Daudi akicheza kwa nguvu zake zote mbele za Bwana na mkewe Mikali akimdharau kutoka dirishani. Katikati hapo kuna jambo tunaliruka: alipomaliza, Daudi aliwagawia watu wote chakula, wanaume kwa wanawake, kila mtu akaenda kwake na chake. Mikali angeshuka, naye angepata.

Asiyekunywa

Nisomeni kwa upole ndugu zangu. Ninyi mkisema raha haina ubaya, mimi nasikia chupa zikigongana. Pombe ilinila kabla sijaokoka na hata baada ya hapo. Harusi ya Kana, Yesu alipogeuza maji kuwa divai, naijua vizuri, wengi wamenitolea mfano: mabalasi sita ya mawe, kila moja nzio mbili tatu, kwa vipimo vyetu jumla inapita lita 400. Sawa. Siogopi kwamba Yesu alifanya hivyo. Najiogopa mwenyewe.

Kwa muda mrefu nilikwepa kila mwaliko, na watu wakanihesabu kuwa mtakatifu kumbe nilikuwa mpweke. Halafu rafiki yangu akafanya sherehe ya kumaliza masomo. Alinipigia: "Njoo, mezani hakuna kileo." Hakumtangazia mtu sababu. Wageni walinung'unika kidogo, kisha wakasahau. Usiku ule nilicheka hadi mbavu zikauma, na nikajaribu kukumbuka ni lini nilicheka hivyo nikiwa na akili zangu timamu. Sikukumbuka.

Mpita Njia

Warumi 14:21 kwa vitendo: ni vyema kutokunywa divai ikiwa itamkwaza ndugu yako. Huyo rafiki yako ana nafasi ya rafiki mwingine?

Mzee wa Benchi la Nyuma

Wanangu, mnadhani ukali ni wa zamani na raha ni ya sasa. Haikuwa hivyo. Mtaguso wa Nikea, mkutano mkuu wa maaskofu wa mwaka 325, kanuni ya 20, ulielekeza kwamba Jumapili, na siku zote kutoka Pasaka hadi Pentekoste, watu wasali wamesimama, wasipige magoti. Wakristo wa kale waliona kusimama ni ishara ya ufufuko. Chukueni kalenda mhesabu kuanzia Jumatano ya Majivu hadi Jumamosi Kuu: mtapata siku 46. Kwaresima ni 40. Sita zilizozidi ni Jumapili, ambazo hazihesabiwi katika mfungo. Kisha unakuja msimu wa Pasaka, siku 50.

Walikuja na wengine waliobana. Koloni la Massachusetts, kule Amerika, lilipitisha sheria mwaka 1659: ukikutwa unaadhimisha Krismasi, faini shilingi 5. Ilifutwa 1681. Na hao walikuwa wasomaji wa Biblia kweli kweli, waliochukizwa pia na ulevi na fujo za msimu ule, kwa hiyo msiwacheke upesi.

Mimi linaloniuma ni letu. Kwaresima tunaiandaa: semina, mafungo, njia ya msalaba. Jumatatu ya Pasaka kila mtu amesharudi kwenye shughuli zake, kama timu iliyofanya mazoezi msimu mzima halafu ikasusia mechi. Mimi na wenzangu wachache parokiani tukaanza kuwaendea wagonjwa wasioweza kufika kwenye mkesha, tunawaimbia nyimbo za Pasaka vitandani mwao, wiki zote hizo hadi Pentekoste. Sauti zetu ni mbovu. Hawajali.

Mama wa Mmoja

Nilikuwa mama wa wawili. Jumapili ya kwanza niliyorudi ibadani baada ya mazishi, kiongozi wa sifa akasema leo hatutaki kuona uso uliokunjamana, mgeukie jirani yako umwambie tabasamu. Jirani akanigeukia. Nilichukua mkoba wangu nikatoka.

Methali 25:20 inasema anayemwimbia nyimbo mwenye moyo mzito ni kama mtu avuaye nguo wakati wa baridi. Hilo nilikuwa nimelisoma, siku hiyo nililisikia kwenye ngozi.

Sikuacha imani. Nilihamia ibada ya alfajiri, ile ya watu wachache isiyo na vyombo. Aliyenirudishia kicheko ni mke wa mchungaji. Alikuja kwangu kuosha vyombo, hakusema neno lolote la kiroho, akawa anaimba pambio na kulikosea maneno, analirudia, analikosea palepale. Nikacheka. Yeye akageuka akiwa na povu hadi kwenye viwiko, akaniangalia, kisha akaendelea kuosha.

Mleta mada

Pole sana dada yangu. Asante kwa kutuandikia.

Mlinzi wa Zamu

Pole dada. Kwa heshima zote naomba niwe mpinzani, maana naona uzi unaelekea upande mmoja. Mimi nimetoka kwenye maisha ya kula bata, najua yalivyo. Siku hizi nikiingia baadhi ya makanisa naona taa, moshi na mshereheshaji, madhabahu siioni. Amosi 5:23, Mungu anasema niondoleeni kelele za nyimbo zenu. Wagalatia 5 inataja furaha kama tunda la Roho, lakini mstari mmoja tu juu yake kuna ulevi na ulafi. Kipimo changu ni hiki: sherehe ikiisha, naweza kusali usiku huohuo bila kujificha? Kama siwezi, mahali pale sirudi.

Sauti ya Pili

Kaka, kipimo kizuri, nami nitakitumia. Ila yule kaka mkubwa wa mwana mpotevu, Luka 15, angekifaulu. Ametoka shambani, mikono safi, hana la kuficha, akasikia nyimbo na machezo ya kumpokea mdogo wake akakataa kuingia.

Mlinzi wa Zamu

Hapo umenibana. Lakini mdogo wake naye alikuwa ametapanya mali kwa maisha ya uasherati, na njaa ilipoingia hapana mtu aliyempa kitu. Raha ya kule ilikuwa na watu. Wakati wa shida hawakuonekana. Ya nyumbani ilianza na mtu aliyekimbia kwenda kumpokea. Kwa hiyo nabaki na kipimo changu, naongeza na cha nani anakimbilia nani.

Asiyekunywa

Ongeza na nani ameambiwa "njoo".

Mleta mada

Endeleeni wapendwa. Wenye wenzi wasioamini hatujawasikia: mwenzako akitaka kwenda kwenye sherehe na wewe hutaki, mnafanyaje?