Silo ya saruji inatoa vigaga: unyevu unaingilia wapi?

Mwanzisha uzi (Njiro, Arusha):
Ndugu wanajukwaa, naomba ushauri. Yadi yetu ya matofali ina silo ya chuma (tangi refu la kuhifadhia saruji) ya tani 60. Masika yote saruji ilishuka vizuri, lakini tangu baridi ya Juni ianze, skrubu inayotoa saruji chini ya silo inakwama kwa vigaga vyembamba na vigumu, vyenye kutu upande mmoja. Mvua hakuna, na paa halivuji. Je, nipake ndani rangi ya kuzuia maji?

Fundi wa Sakina:
Pole, ndugu. Hiyo kutu imeshajibu nusu ya swali lako: kigaga chenye kutu kilishika kwenye chuma, ilhali mabonge ya mviringo mara nyingi hutoka kwenye koni, yaani sehemu ya chini iliyochongoka, panapopulizwa hewa ya kulegeza saruji. Huku kwetu, takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, usiku chuma hupoa upesi, na mvuke uliomo kwenye hewa iliyo juu ya saruji hugeuka matone chini ya paa na ukutani, vumbi la saruji likaganda papo hapo. Ndiyo maana silo iliyojaa haisumbui kama iliyobaki robo. Rangi ya ndani sikushauri, kwani ikibanduka itakuongezea takataka. Paka nyeupe kwa nje.

Mama Kokoto (Moshi):
Naongezea hewa ya lori, ile inayosukuma saruji kuingia kwenye silo. Hewa ikibanwa na kompresa kisha ikapoa, hutema maji, nayo huingia pamoja na saruji. Sisi humtaka dereva apulize kwanza hewa tupu kwenye karatasi kavu. Ikilowa, mpira wa kupakulia hauungwi kwenye silo. Wananung'unika, lakini wamezoea. Kagua pia valvu ya shinikizo juu ya paa: chujio la kutolea hewa likiziba, valvu hufunguka wakati wa kupakua, saruji ikakaa pale kifuniko chake kinapokalia, na tangu hapo haifungi sawasawa.

Mwanzisha uzi:
Nimepanda leo. Chujio limeziba, na valvu imeacha upenyo wa unene wa sarafu. Je, nimwingize kijana akwangue vigaga vilivyobaki?

Fundi wa Sakina:
Hapana kabisa! Saruji iliyoning'inia ukutani humporomokea mtu ikamfukia. Wala msigonge koni kwa nyundo, kwani penye mbonyeo saruji hukwama zaidi. Safisheni valvu na chujio, tumieni saruji yote hadi silo iwe tupu kabla ya kujaza tena, na wekeni wavu kabla ya skrubu. Bonge linalovunjika kwa vidole bado linafaa kwa matofali. Linalotaka nyundo litupeni.